Siri ya Mgonjwa Baina ya Kanuni za Wanasaikolojia na Qaida za Fiqhi

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mjuzi wa ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ama baad. Tiba ya nafsi kwa njia ya mazungumzo imeingia katika miji yetu, na baadhi ya vijana wetu wameisomea vyuoni. Mgonjwa hukaa mbele ya mtaalamu na kumweleza yale ambayo hata mama yake mzazi hayajui. Tangu zamani kazi inayofanana na hiyo ilikuwa mikononi mwa maimamu na masheikh, nayo bado ipo. Mume aliyekosana na mkewe, kijana aliyetawaliwa na wasiwasi, mama aliyefiwa na mtoto, hao wote hupiga hodi kwa sheikh kabla ya kufika hospitali. Basi mas-ala ya maadili ya tiba ya nafsi yanamhusu pia yule anayekaa kibarazani baada ya sala ya Alasiri na kusikiliza shida za watu.

Katika makala hii tunauhakiki utaratibu ambao wanasaikolojia wa Magharibi hufundishwa wa kuamua mambo yanapogongana, na tunauweka mbele ya mizani ya fiqhi. Tumechagua mlango mmoja tu, nao ni mlango wa siri, kwani ndimo ugumu wa jambo unamodhihirika. Hatukusudii kutukana wala kusifu. Wako wenzetu wanaosema kuwa kila kilichotoka kwa wasiokuwa Waislamu katika elimu ya nafsi ni batili. Wako wengine wanaosema kuwa yote waliyonayo tayari yamo katika vitabu vyetu, hivyo hatuna la kujifunza. Kwa maoni yetu makundi yote mawili yamefanya haraka.

Kadhia ya Tarasoff

Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, mwanafunzi mmoja kutoka India aliyeitwa Prosenjit Poddar alikuwa akitibiwa na mwanasaikolojia wa hospitali ya chuo. Mwezi wa Agosti alimwambia mtabibu wake kwamba anakusudia kumuua msichana fulani atakaporejea kutoka Brazil. Jina hakulitaja, lakini haikuwa vigumu kumtambua. Alikuwa Tatiana Tarasoff.

Mtabibu hakunyamaza. Aliwaarifu polisi wa chuo na kuwaandikia barua akitaka mgonjwa azuiliwe kwa uchunguzi. Polisi walimkamata, wakamwona ni mtu mwenye akili timamu, wakamwachia baada ya kuahidi kwamba atakaa mbali na msichana yule. Kisha mkuu wa idara ya magonjwa ya akili akaagiza barua irudishwe, kumbukumbu za matibabu ziharibiwe, na hatua nyingine isichukuliwe. Tarehe 27 Oktoba 1969 Poddar alimuua Tatiana. Si yeye wala wazazi wake waliokuwa wameambiwa neno lolote.

Wazazi walishtaki. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya jimbo la California ilitoa hukumu kuwa mtabibu ana wajibu wa kumwonya anayetishiwa. Kesi ikasikilizwa upya, na mwaka 1976 mahakama hiyohiyo ikaupanua wajibu ule. Ilisema kuwa mtabibu aliyetambua, au aliyestahiki kutambua kwa kipimo cha taaluma yake, kwamba mgonjwa ni hatari kubwa kwa mtu mwingine, ni lazima achukue hatua za kiasi za kumlinda mtu huyo, ama kwa kumwonya, ama kwa kuwaarifu polisi, ama kwa njia nyingine inayofaa. Mmoja wa majaji waliokhalifu, Jaji Clark, alijenga hoja kwamba wagonjwa wakijua siri zao hazina hifadhi hawatakuja kutibiwa, au watakuja na kuficha yaliyomo nyoyoni, na matokeo yake ni kuwa umwagaji wa damu utazidi badala ya kupungua.

Hoja zote mbili ni nzito. Mwanafunzi wa fiqhi ataona kuwa mgongano huu ni ule anaoujua: maslaha mbele ya maslaha, na mafsada mbele ya mafsada.

Mizani ya wanasaikolojia

Mwaka 1979 Tom Beauchamp na James Childress walitoa kitabu chao juu ya misingi ya maadili ya tiba. Wakaijenga juu ya nguzo nne: kuheshimu hiari ya mgonjwa, kutodhuru, kutenda wema, na uadilifu. Mwaka 1984 Karen Kitchener alizileta nguzo hizo katika ushauri nasaha na kuongeza ya tano, nayo ni uaminifu, yaani kutekeleza ahadi na kutunza imani ya mgonjwa. Tangu wakati huo vitabu vingi vya ushauri vimezifuata. Mwanafunzi huambiwa alitambue tatizo, aangalie kanuni za chama chake na sheria ya nchi, azipime nguzo tano, ashauriane na wenzake, aamue, kisha aandike alichoamua na sababu zake.

Utaratibu huu una mazuri ambayo insafu inatulazimisha kuyakiri. Unamzuia mtabibu kufuata hamaki yake. Unamwamrisha kushauriana, na shura ni katika sifa za waumini. Unamtaka aandike, na uandishi wa mambo mazito una asili katika dini yetu.

Pamoja na hayo tunaona ila mbili kubwa.

Ila ya kwanza: nguzo hazina mpangilio. Mwanafunzi ameambiwa kuwa hiari ni muhimu, na kutodhuru ni muhimu, na uaminifu ni muhimu. Zikigongana, ipi itangulie? Jibu wanalolitoa ni kwamba hakuna inayotangulia kwa asili, bali kila kadhia itapimwa kwa hali yake. Sisi hatukatai kuwa hali zinatofautiana, na mafuqaha ndio wa mwanzo kusema hivyo. Lakini upimaji unataka kipimo. Ukiwapa watu wawili mizani isiyo na mawe, kila mmoja atapima kwa kitu alichonacho mkononi. Mmoja atapima kwa kuogopa kushtakiwa, mwingine kwa kumhurumia mgonjwa wake, na wa tatu kwa kuitii idara iliyomwajiri. Wote watatu wataandika kuwa wamezipima nguzo tano.

Ila ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kuiweka amri ya dola juu ya dhamiri. Kanuni za Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani (APA) za mwaka 2002, katika kifungu cha 1.02, zilisema kuwa iwapo wajibu wa kimaadili utagongana na sheria au mamlaka, na mgongano usitatulike, basi mwanasaikolojia anaweza kufuata matakwa ya sheria au mamlaka hayo. Mwaka huohuo wanasaikolojia wawili wenye mkataba na shirika la ujasusi la CIA walishiriki katika kubuni na kutekeleza njia za kuwatesa mahabusu, wengi wao wakiwa ndugu zetu Waislamu. Abu Zubaydah peke yake alitoswa pumzi kwa maji mara 83 katika Agosti 2002. Mwaka 2005 kamati ya chama hicho ilitoa ripoti iliyowaruhusu wanasaikolojia kuendelea kushiriki katika mahojiano ya usalama wa taifa, kwa sharti la kufuata kanuni za chama, na kanuni zenyewe ndizo hizo zilizoacha mlango wazi.

Kifungu kilirekebishwa mwaka 2010 kwa kuongeza kwamba hakiwezi kutumiwa kuhalalisha uvunjaji wa haki za binadamu. Julai 2015 ripoti ya wakili David Hoffman, iliyoagizwa na chama chenyewe, ilihitimisha kuwa baadhi ya viongozi wake walikubaliana chini kwa chini na maofisa wa wizara ya ulinzi ili kanuni zisiwabane wahojaji. Baadhi ya waliotajwa waliipinga ripoti hiyo. Mwezi uliofuata baraza la chama likapiga marufuku wanasaikolojia kushiriki katika mahojiano ya usalama wa taifa.

Tunawapa haki yao: walijichunguza wenyewe na kuyatangaza makosa yao. Ni taasisi ngapi za Waislamu zimewahi kufanya hivyo? Lakini funzo linabaki pale pale. Kanuni ya maadili isiyo na kitu kisichovunjika ndani yake hujipinda siku ambayo mwenye nguvu anataka ijipinde. Kwetu sisi qaida ya kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba si nasaha ya ziada. Ni mpaka, na mtabibu Muislamu husimama hapo hata kama serikali, hospitali na mwajiri wake wako upande wa pili.

Siri katika mizani ya fiqhi

Asili ya siri ni amana, na amri ya kurejesha amana kwa wenyewe imo katika Suratun Nisaa aya ya 58. Katika Suratut Tahrim aya ya 3 na ya 4, Allah (s.w.) ameeleza habari ya siri iliyotoka nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) na akawataka waliohusika watubie. Anas bin Malik (r.a.), akiwa kijana mdogo, alitumwa na Mtume (s.a.w.) kwa haja fulani, akakataa kumwambia hata mama yake haja hiyo ni ipi, na mama akamuunga mkono. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kuwa mtu akizungumza kisha akageuka kutazama pembeni, mazungumzo yake yamekuwa amana. Angalia jinsi sheria ilivyokitosheleza kitendo cha kugeuza shingo kuwa ni ombi la kufichiwa. Mgonjwa aliyefunga mlango na kushusha sauti ana haki hiyo zaidi.

Jee, amana hii ina mwisho? Imepokewa kwa Abu Dawud kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba vikao ni amana isipokuwa vitatu: kikao cha kumwaga damu iliyoharamishwa, cha tupu iliyoharamishwa, na cha kuchukua mali ya mtu bila ya haki. Katika isnadi yake yumo mpokezi asiyetajwa jina, mtoto wa ndugu yake Jabir, na kwa sababu hiyo wanazuoni wameidhoofisha. Hatuijengi hukumu juu yake peke yake. Lakini maana yake ina nguvu kutoka kwengine. Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi Muslim, alipoeleza uharamu wa kufitinisha alitoa nje hali ya haja, kama kumwarifu mtu kwamba kuna anayetaka kumshambulia yeye, watu wake au mali yake. Na Fatima bint Qays (r.a.) alipomtaka ushauri Mtume (s.a.w.) juu ya wanaume waliomposa, Mtume alimtajia aibu zao kwa kiasi cha haja yake, na hakuongeza.

Hali kadhalika tunaye yule mtu aliyetajwa katika Suratul Qasas aya ya 20, aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji kumwonya Musa (a.s.) kuwa wakubwa wanapanga kumuua. Alimwendea anayetishiwa mwenyewe, akamwambia ni nani wanaopanga, wanapanga nini, na afanye nini ili aokoke. Pengine mtu atapinga akisema: huyo hakupewa siri akaiapia, hivyo qiyasi ina farka ndani yake. Pingamizi hii ni sahihi, nasi hatudai kuwa aya ni nassi katika mas-ala ya mtabibu. Tunachokichukua ni sura ya kuonya kulikokamilika. Ama ruhusa yenyewe inatokana na qaida ya kuchukua dhara nyepesi ili kuizuia iliyo nzito, na hifadhi ya roho haishindani na hifadhi ya siri.

Jambo jingine ambalo fiqhi imelipambanua ni tofauti ya dhambi iliyopita na dhara inayokuja. Mtume (s.a.w.) alimwambia Hazzal, aliyemshauri Maiz akakiri zinaa, kwamba lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa kheri kwake. Basi mwenye kuja kueleza kosa alilolifanya na anataka kutubia, mlango wake ni sitara. Mwenye kueleza kosa analokusudia kulifanya kwa mtu mwingine, mlango wake ni kuzuia. Na katikati yupo yule ambaye dhuluma yake ya jana bado inaendelea leo, kama anayemdhulumu mtoto nyumbani. Huyu hukumu yake ni ya wa pili, hata akiieleza habari yake kwa machozi ya toba.

Azimio la Brunei

Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Bandar Seri Begawan, Brunei, Juni 1993 (Muharram 1414), ilitoa azimio nambari 79 juu ya siri katika kazi za tiba. Azimio lilithibitisha kuwa siri ni amana, na kwamba wajibu wa kuitunza unamkazia zaidi mtu wa tiba, kwa kuwa watu humwendea wakihitaji msaada na kumfunulia kila kitu. Kisha likavua hali ambazo dhara ya kuficha ni kubwa kuliko dhara ya kufichua. Baadhi yake kufichua ni wajibu, kwa ajili ya kuikinga jamii au mtu mmoja na madhara. Nyingine kufichua ni jaizi. Na yote yafungwe na makusudio ya sheria: kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali.

Lililo muhimu zaidi ni sehemu inayofuata. Azimio lilitaka hali hizo ziandikwe waziwazi katika kanuni za kazi, moja baada ya nyingine, pamoja na kubainisha jinsi ya kufichua na nani afichuliwe.

Ukiirudia kadhia ya Tarasoff kwa mwanga wa maneno haya utaona jambo ambalo mjadala wa majaji juu ya siri hauonyeshi vizuri. Mtabibu yule aliivunja siri! Aliwaambia polisi. Kwa hiyo msichana hakuuawa kwa sababu siri ilitunzwa. Aliuawa kwa sababu siri ilifika kwa asiyehitaji kuijua ili aokoke, na haikufika kwa aliyehitaji. Madhara mawili yakakusanyika: mgonjwa alivunjiwa amana yake, na aliyetishiwa hakupata faida yake.

Ama hoja ya Jaji Clark, tunaipokea nusu yake. Imam Shatibi amefundisha kuwa mujtahidi hutazama mwisho wa vitendo, na hofu ya wagonjwa kukimbia tiba ni mwisho unaostahiki kutazamwa. Hivyo mlango wa kufichua usifunguliwe kwa kila neno la hasira. Izz bin Abdis Salam amebainisha kuwa maslaha mengi ya dunia hujengwa juu ya dhana yenye nguvu, wala si yakini tupu. Basi kipimo ni dhana yenye nguvu: mtu anayetambulikana, kusudio lililo wazi, uwezo wa kulitekeleza, na wakati ulio karibu. Wahka wa mtabibu peke yake hautoshi. Lakini yakishapatikana hayo, kuchelea mgonjwa wa kesho hakuhalalishi damu ya leo.

Upungufu wetu

Ingekuwa dhuluma kuwahakiki wengine na kujiacha. Tunayo misingi, tena misingi iliyopangika kuliko nguzo tano. Tulichokosa ni utekelezaji. Tangu 1993 azimio liko mbele yetu, na mpaka leo ni nadra kumkuta imamu au tabibu wa ruqya katika pwani yetu aliye na hata karatasi moja inayomweleza lipi afiche, lipi aseme, na amwambie nani. Mtaalamu wa Kenya ana sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayomsimamia. Sheikh wa mtaani anasimamiwa na nani?

Matokeo tunayaona. Khutba husomwa ambamo kisa cha ndoa ya mtu kinaelezwa bila ya jina, na msikiti mzima unamjua. Ruqya hurekodiwa, na sauti ya mwanamke akilia inasikilizwa na watu wasiomhusu. Kwa upande wa pili, mwanamke humlalamikia sheikh kuwa mumewe ametishia kumuua, akaambiwa asubiri na asitoe siri za nyumba. Kule siri iliyostahiki kufichwa imefichuliwa, na huku hatari iliyostahiki kufichuliwa imeitwa siri. Hatuoni tofauti kubwa kati ya jibu hilo na ile barua iliyorudishwa huko California.

Tunayoyapendekeza

Kwa kuyakusanya yaliyotangulia, tunawapendekezea maimamu na washauri wetu mambo haya.

Kwanza, kabla ya mtu kuanza kueleza, aambiwe mpaka: yote utakayosema ni amana, isipokuwa nikijua kuwa roho ya mtu, yako au ya mwengine, imo hatarini. Kwa kufanya hivyo, kufichua baadaye hakutakuwa khiana, kwani alizungumza akilijua sharti. Pili, yapambanuliwe yaliyopita na yanayokuja. Tatu, ipimwe dhana kwa alama nne tulizozitaja, na ashauriwe mjuzi mmoja au wawili bila ya kutajwa jina la mhusika. Nne, mwenye siri mwenyewe atangulizwe: apewe nasaha, ajitenge na silaha, akubali kupelekwa hospitali, kwani akiridhia hakuna kilichovunjwa. Tano, ikibidi kufichua, aambiwe anayetishiwa na mwenye uwezo wa kumlinda, wote wawili, kwa kiasi cha haja. Kinachoruhusiwa kwa dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Maradhi ya mgonjwa, historia yake na aibu zake nyingine hubaki amana kama zilivyokuwa.

Haya ni maoni yetu, na milango ya kuyasahihisha iko wazi kwa wenye elimu. Tunalolihimiza ni kuwa mabaraza ya maulamaa yakae pamoja na madaktari na washauri Waislamu, waandike kanuni moja fupi kwa Kiswahili kinachofahamika, na kila msikiti upate nakala yake. Usiku ambao mtu aliyekata tamaa atapiga hodi kwa sheikh si wakati wa kuanza kufungua vitabu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atufanye miongoni mwa wanaochunga amana na ahadi zao, azisitiri aibu zetu, na azilinde roho za waja wake. Wallahu a'lam.